Oili Haipandi Mlima

Mama Sechelela amefika kabla sijafungua kufuli.
Pijo yake ya pikapu imechora mstari mweusi
tangu Hombolo mpaka hapa Kizota,
kreti tupu za zabibu zinagongana nyuma.
"Mafundi watatu," anasema, vidole vitatu juu.
"Wote wamebadilisha sili ya nyuma ya krenki,
wote wamekula hela.
Na bado lita nzima, kwenda na kurudi."

Sibishi. Natandaza boksi la sabuni chini ya tumbo la gari,
naliacha lilale.

Asubuhi boksi limeandikwa:
doa kubwa pale injini inapokutana na gia boksi,
na vidoa vitatu vinafuatana
kama punje za uwele zilizomwagika njiani kwenda kinuni.
Ndahani, ninayemfundisha kazi, anaruka: "Si ndiyo hiyo sili!"

Ngoja, mdogo wangu.
Tone linaonyesha lilipochoka,
halisemi lilikozaliwa.
Oili haipandi mlima. Inashuka,
na gari likikimbia, upepo unaisukuma nyuma,
inawapaka wasio na kosa.
Anza juu.

Vumbi letu la Dodoma, pamoja na kukohoza watoto,
lina wema mmoja: linaganda palipolowa.
Upande wa kulia wa bloku, kukavu.
Upande wa kushoto, ugali mweusi, unene wa kidole.
Tuliukwangua kwa bisibisi hadi adhuhuri,
tukaosha kwa brashi na mafuta ya taa,
tukapangusa kwa kipande cha kanga kuukuu
kilichobaki na neno moja tu: MAJIRANI.

Kisha poda ya mwanangu.
(Mama yake hajajua bado.)
Injini ikawa nyeupe, kama mtoto aliyetoka kuoga.
Tukawasha. Tochi mkononi, midomo imefungwa.
Dakika kumi, hakuna.
Ishirini,
na kwenye kona ya nyuma ya kava ya tapeti
poda ikageuka kijivu, ikafanya mfereji,
ukateremka mgongoni mwa bloku
taratibu, kama mtu anayeijua njia,
ukaishia palepale walipofungua wale watatu.

Lakini gasketi ya kava ni mpya, ina rangi ya dukani.
Basi kuna kinachoisukuma.
Nikafungua mfuniko wa oili, injini ikinguruma:
mvuke ukanipiga usoni
kama nimefunua sufuria ya makande.

Injini haipumui.

Mpira wa pumzi, mtu aliuchomoa zamani
akauacha unaning'inia nyuma ya betri.
Nachungulia. Udongo.
Nyigu amejenga humo. Vyumba vinne, vimepigwa lipu,
kila chumba na buibui wake, akiba ya watoto.
Kiangazi kizima injini ilitaka kushusha pumzi
ikakuta mlango una mwenyewe.

Ndahani anacheka mpaka anakalia tairi.
Mama Sechelela hacheki.
Alikuwa nesi Mvumi miaka thelathini.
Anauchukua ule udongo, anaugeuza kiganjani.
"Na mimi nilikuwa nakanda watu magoti," anasema,
"kumbe ugonjwa uko kiunoni."

Mpira mpya, klipu mbili, elfu tisa.
Usiku, boksi jingine.
Asubuhi tone moja tu, dogo,
chini ya plagi ya sampo, uzi umelika.
Nanyoosha mkono kuchukua spana, ananishika.
"Hilo liache.
Marehemu alikuwa akisema,
Pijo ikiacha kudondosha, usishangilie.
Fungua uangalie. Imekauka."

Analipa kwa noti zilizokunjwa ndogo ndogo,
zinanata kidogo, zina harufu ya zabibu.